Uaminifu wa Chuoni ni Suala la Haki: Kwa Wazazi na Walezi wa Wanafunzi wa Uhandisi na Kompyuta



Kila mwaka, mitihani ya muhula inapokwisha vyuoni, wapo wazazi wanaofika katika ofisi za parokia zetu wakiwa na ombi la namna moja. Kijana wao anayesomea uhandisi au kompyuta ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kunakili kazi, nao wanaomba barua ya Paroko. Wanataka barua hiyo iseme kwamba kijana ametoka katika familia ya Kikristo, kwamba alikuwa mtumishi wa altare, kwamba mama yake ni kiongozi wa WAWATA kigangoni, na kwamba kwa hayo yote chuo kimsamehe. Sisi tulio katika kazi ya Haki na Amani tumeona ni vema tulizungumze jambo hili waziwazi, kwa kuwa mara nyingi mzazi anayeiomba barua hajui hata mwanawe ameshitakiwa kwa kuvunja kanuni gani. Hujua tu kwamba ada imelipwa, kwamba ng'ombe wameuzwa, na kwamba sasa kuna hatari ya kijana kurudi nyumbani mikono mitupu. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini hofu haitoshi kuwa msingi wa utetezi.

Tuanze na kanuni zenyewe. Mwanafunzi anapoandika jina lake juu ya ripoti ya maabara au juu ya programu ya kompyuta, huwa anatoa tamko. Anasema: kazi hii nimeifanya mimi, namba hizi nimezipima, na pale nilipotumia kazi ya mtu mwingine nimemtaja. Kanuni zote za uaminifu wa kitaaluma, hata zijaze kurasa ngapi katika kitabu cha mwongozo wa mwanafunzi, zinatoka katika tamko hilo. Hapa ndipo mazungumzo yetu na wazazi hupotea njia, kwa sababu neno linalotumika ni “wizi”, na mzazi huuliza, tena kwa haki, kitu gani kimeibwa. Mama mmoja alitujibu hivi: “Padre, mwanangu hakuiba. Mwenzake alimpa kwa hiari yake, na hata yeye amewahi kumpa. Mimi nimewalea wanangu wasaidiane.” Kwa neno lile la wizi, mama yule alikuwa na hoja. Mwenye mali akitoa mali yake kwa hiari, hakuna kilichoibwa. Kosa la kijana, basi, tulitafute katika amri ya nane, wala si katika ile ya saba. Ameshuhudia uongo. Amemwambia mwalimu wake, na kupitia kwa mwalimu amewaambia watu wote watakaokuja kuutumaini ujuzi wake, kwamba anajua jambo ambalo halijui.

Jibu la mama yule linastahili kupewa uzito, maana ndilo jibu la jamii yetu nzima. Tumelelewa kulima kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako. Kuchangiana harusi na misiba. Kubebana hadi hospitali. Kijana aliyekulia katika malezi hayo anapofika chuoni na kuambiwa kwamba kumpa mwenzake kazi yake ni kosa sawa na kuipokea, huona ameingia katika nchi ya wachoyo. Basi tutofautishe. Tunapopalilia pamoja shamba la jirani, kinachotakiwa ni shamba lililopaliliwa. Mahindi hayaulizi ni jembe la nani lililopita. Zoezi la chuoni sivyo lilivyo. Mwalimu anayewapa wanafunzi wake kazi ya kuandika programu ya kupanga majina kwa alfabeti hana haja na programu hiyo. Anazo nyingi, na zilizo bora kuliko zote watakazomletea. Anachotaka ni kile kinachotokea ndani ya akili ya mwanafunzi wakati anahangaika nayo. Kumfanyia mwenzako zoezi hilo ni kama kumnywea mgonjwa dawa zake: chupa itakuwa tupu kama daktari alivyoagiza, na homa itabaki pale pale.

Wala vyuo havikatazi kusaidiana. Hili wazazi wengi hawalijui, na baadhi ya wanafunzi hujifanya hawalijui. Karibu kila somo la kompyuta huruhusu wanafunzi kuketi pamoja, kujadili swali linataka nini, kuchora njia ya kulitatua ubaoni, na hata kumwonyesha mwenzako kosa ambalo macho yake yamechoka kuliona. Kinachokatazwa ni kumkabidhi faili, iwe kwa flashi au kwa WhatsApp, au kumsomea mstari kwa mstari huku yeye akichapa. Yapo masomo katika vyuo vya Marekani yaliyoweka kanuni inayotupendeza kwa wepesi wake: jadilini mnavyotaka, lakini mkiachana msiondoke na karatasi yoyote yenye maandishi, na kabla hujaketi kuandika kazi yako pitisha kwanza nusu saa ukifanya jambo lingine kabisa. Yatakayokuwa yamebaki kichwani baada ya nusu saa hiyo ni yako. Yaliyopotea hayakuwa yako. Mwalimu wa katekisimu anayewaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza ataitambua hekima hiyo bila kuelezwa.

Kwa wanafunzi wa uhandisi jaribu kubwa zaidi liko maabara, na lenyewe halihitaji mwenzi wa kunakili kwake. Lugha yao huita “kupika” majibu. Chukueni mfano wa mchemraba wa zege. Hutengenezwa, huwekwa majini, kisha hupondwa kwa mashine ili kupima nguvu yake, mara nyingi siku ya 7 na siku ya 28. Kijana ambaye siku ya 28 alikuwa safarini hujua jibu linapaswa kuangukia wapi, maana anayo ripoti ya kaka yake aliyemtangulia mwaka mmoja. Anaandika namba inayofanana na ile, anaiongeza kidogo isionekane ileile, na kupata alama nzuri. Hakuna aliyeumia. Lakini amejifunza kwamba namba ni kitu cha kuandikwa tu, na mazoea hayo hayavuliwi pamoja na joho la mahafali.

Tarehe 29 Agosti 1907 daraja lililokuwa likijengwa juu ya Mto Saint Lawrence, karibu na mji wa Quebec nchini Kanada, lilianguka na kuwaua wafanyakazi 75. Uchunguzi ulionyesha kwamba upana wa kuvuka mto uliongezwa katika michoro, lakini uzito wa daraja lenyewe haukukokotolewa upya kama ilivyopasa. Namba ya zamani iliachwa kusimamia chuma kipya. Tangu mwaka 1925 wahandisi wa Kanada wanapohitimu huingia katika ibada maalumu ya kiapo, na hupewa pete ya chuma wanayoivaa katika kidole kidogo cha mkono wa kufanyia kazi, ili iguse karatasi kila wanapochora. (Husemwa kwamba pete za kwanza zilifuliwa kwa chuma cha daraja lile. Si kweli, ingawa ni hadithi nzuri.) Sisi nasi tunayo makaburi yetu. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Hatudai hata kidogo kwamba chanzo cha msiba ule kilikuwa mwanafunzi aliyenakili. Tunasema tu kwamba mpita njia na mtoto anayecheza kando ya jengo hawana uwezo wa kulikagua zege. Wanaamini kwamba aliyeweka sahihi anajua.

Wanafunzi wa kompyuta wana utetezi wao, na ni mzuri kuliko wa wenzao. Husema: katika kazi halisi hakuna anayeandika programu yote peke yake, kila mtaalamu huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, tena bure na kwa ruhusa. Ni kweli tupu. Uaminifu hapa haudai kwamba kila mmoja afue msumari wake mwenyewe. Unadai mambo mawili: useme kipande umekitoa wapi, na uelewe kinafanya nini. La pili ndilo zito. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyoitwa Therac-25, iliwaunguza wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa mionzi iliyozidi kipimo mara nyingi, na baadhi yao walikufa. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka mashine za zamani za watengenezaji walewale. Kasoro moja ilikuwamo tangu zamani, ila mashine ya awali ilikuwa na vizuizi vya chuma na nyaya vilivyozuia madhara. Katika mashine mpya vizuizi hivyo viliondolewa, na programu ikaachiwa kazi yote. Hakuna aliyeiba kitu. Lakini kitu kilichukuliwa bila kueleweka sawasawa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, inapoorodhesha makosa dhidi ya mali na haki za wengine, inaitaja kazi iliyofanywa vibaya pamoja na rushwa na kughushi hundi. Wengi wetu huupita mstari huo haraka. Mhandisi asiupite.

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, swali limepata sura nyingine. Sasa mwanafunzi hahitaji rafiki wala steshenari. Huuliza simu yake, na akili mnemba humwandikia programu nzima kabla chai haijapoa. Hapa kanuni hutofautiana, hata ndani ya chuo kimoja: mwalimu huyu anakataza kabisa, yule anaruhusu maadamu mwanafunzi aeleze alivyoitumia, wa tatu hajasema neno. Ushauri wetu kwa vijana ni kwamba kimya cha mwalimu kisichukuliwe kuwa ruhusa. Aulizwe, na aulizwe kabla ya kazi kukusanywa. Waraka wa Vatikano uitwao Antiqua et Nova, wa tarehe 28 Januari 2025, unaonya kwamba programu nyingi za namna hii humpa mwanafunzi jibu badala ya kumsukuma alifikie mwenyewe. Tungeongeza jambo ambalo kila mzazi wa kijijini analijua: mtoto anayebebwa mgongoni hadi miaka mitano hatalaumiwa yeye kwa kutojua kutembea, atalaumiwa anayembeba. Anayejibeba mwenyewe akiwa na miaka ishirini atamlaumu nani?

Hata hivyo haki ina pande mbili, na Tume yetu isingekuwa na sababu ya kuitwa hivyo kama ingezungumza na vijana tu. Vyuo hutumia mitambo ya kulinganisha kazi. Mmojawapo, MOSS, uliobuniwa na Alex Aiken wa Chuo Kikuu cha Stanford, umekuwa ukitumika tangu mwaka 1994. Hulinganisha muundo wa programu za darasa zima, hivyo kubadilisha majina na kupanga upya mistari hakumfichi aliyenakili. Lakini waliouunda wenyewe wanasema kwamba mtambo huonyesha mfanano tu, wala hautoi hukumu; ni lazima mtu asome kazi zote mbili na aamue. Programu fupi zenye jibu moja la wazi zitafanana hata kama waandishi wake hawajawahi kuonana. Mambo ni mabaya zaidi kwa mitambo inayodai kutambua maandishi ya akili mnemba. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford waliijaribu mitambo saba ya aina hiyo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya mama. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa zimeandikwa na mashine, wakati zilikuwa zimeandikwa na binadamu. Mwaka huohuo kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, iliuondoa mtambo wake yenyewe wa utambuzi kwa sababu haukuwa sahihi vya kutosha. Sasa mfikirieni kijana wa kwetu, ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu baada ya lugha ya kabila na Kiswahili, anayeandika kwa sentensi fupi alizofundishwa sekondari. Akihukumiwa kwa karatasi ya mashine, bila kuitwa, bila kuulizwa aeleze kazi yake mbele ya mwalimu, hapo ametendewa dhuluma, na hapo Kanisa lina wajibu wa kusimama naye.

Tuna maneno pia kwa walimu. Kuna anayetoa zoezi lilelile mwaka hadi mwaka, neno kwa neno, kisha anashangaa majibu yake yanauzwa nje ya geti. Kuna asiyetamka kanuni za somo lake hadi siku ya kumshitaki mtu kwazo. Na kuna madarasa ya mamia ya wanafunzi ambamo hakuna anayesoma kazi zao kwa kweli; kijana anayekesha na anayedesa hupata alama sawa, na yule anayekesha huanza kujiona mjinga. Kanuni isiyotangazwa haimfungi mtu dhamiri yake sawasawa, jambo ambalo Mtakatifu Thoma wa Akwino alilifundisha juu ya sheria zote.

Somo moja maarufu la kompyuta katika Chuo Kikuu cha Harvard, liitwalo CS50, liliweka mwaka 2014 kipengele ambacho sisi mapadre hatukuweza kukisoma bila kutabasamu. Mwanafunzi aliyevunja kanuni akijitokeza mwenyewe kwa walimu ndani ya saa 72, anaweza kunyimwa alama za kazi ile, lakini somo halitampeleka kwenye vyombo vya nidhamu vya chuo, ila kama amerudia kosa. Saa 72: siku tatu. Waliotunga kipengele hicho hawakuwa wakifundisha teolojia, lakini walitambua kwamba wengi hunakili saa saba za usiku, kwa woga, kazi ikitakiwa asubuhi, na kwamba mtu yuleyule kesho yake mchana angependa kurudi nyuma kama angeachiwa mlango. Laiti vyuo vyetu vingeujaribu mlango huo. Kwa sasa kijana wa kwetu anayekiri huadhibiwa sawa na anayekana, na kwa hiyo hakuna anayekiri. Tena aliye na mkopo wa Bodi akidisko, deni la miaka aliyosoma hubaki naye.

Lipo jambo jingine linalotuuma zaidi ya hayo yote. Mbele ya mageti ya vyuo zipo steshenari ambamo, pamoja na fotokopi na kujalidi, huuzwa miradi ya mwaka wa mwisho iliyokwisha kuandikwa. Hubadilishwa jina, namba ya usajili na mwaka. Hiyo ni biashara ndogo. Kubwa iko jirani zetu. Kwa miaka mingi sasa vijana wengi wa Kenya waliohitimu na kukosa ajira wamekuwa wakiishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha, tasnifu na programu za kompyuta. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, amefuatilia maisha yao, na filamu juu yao ilitolewa mwaka 2024. Eire mwaka 2019, Australia mwaka 2020 na Uingereza mwaka 2022 zilitunga sheria dhidi ya biashara hiyo, na sheria hizo humwinda muuzaji. Mnunuzi huachiwa chuo chake kimshughulikie. Tazameni basi jinsi mzigo ulivyogawanywa: aliye na fedha anaondoka na shahada ya uhandisi na kazi yake, aliye na akili, aliyeifanya kazi yenyewe usiku kucha hapo Nairobi, anabaki bila ajira na sasa anaitwa mhalifu. Hatusemi kwamba asemaye uongo kwa ajili ya chakula hasemi uongo. Tunasema kwamba dhambi hii ina wenye hisa wengi, na mdogo kuliko wote ndiye anayekamatwa.

Turudi kwenye barua. Parokia inaweza kuandika barua ya kuomba kwamba kijana asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, kwamba aonyeshwe ushahidi uliopo, na kwamba apewe nafasi ya kuieleza kazi yake kwa mdomo mbele ya mwalimu anayelijua somo. Mwanafunzi aliyeandika programu mwenyewe ataieleza, hata kwa Kiingereza cha kusitasita. Asiyeiandika atakwama mstari wa tatu. Inaweza pia kuandika kwamba kijana amekiri na yuko tayari kurudia somo. Barua ya kuomba kosa lifutwe kwa heshima ya utumishi wa altare haitaandikwa, na tunawaomba wenyeviti wa Halmashauri za Walei wasiwape wazazi tumaini hilo.

Vyuo vikuu vyetu hupokea wanafunzi wapya kati ya Oktoba na Novemba. Katika parokia nyingi wapo waamini ambao ni wahandisi, mafundi sanifu, walimu wa kompyuta; huwaona Jumapili wakiwa wamekaa viti vya nyuma, hawajawahi kuombwa lolote isipokuwa mchango wa ujenzi. Tunapendekeza kila Halmashauri iwaombe jioni moja mwezi Septemba, wakae na vijana waliopata nafasi vyuoni pamoja na wazazi wao. Waje na ripoti halisi ya maabara na programu halisi, waonyeshe kwa mfano mahali msaada unapoishia na unakili unapoanzia, na wajibu maswali. Wazazi wakae mpaka mwisho, hasa wale wanaodhani hawataelewa.